Ndiyo ya Kwetu, Oui ya Brussels

Wanangu mnaokuja kusoma huku, na ninyi wachache mliochukua kiti changu pale ofisini Saint-Gilles, nataka kuwaambia habari ya neno moja. Si neno la sheria. Sheria za ukaaji hubadilika, na atakayewaeleza zilivyo leo ni yule anayezisoma leo. Mimi nimestaafu. Neno langu ni dogo, mnalitumia kila siku bila kulifikiria: ndiyo.

Kazi yangu ilikuwa kuwasindikiza wanafunzi waliokuja kusoma kwa Kifaransa. Walitoka Bukavu, Goma, Uvira na Bujumbura, na baadaye hata Douala na Cotonou. Hao wa mwisho hatukuelewana nao kwa Kiswahili, ila wasiwasi wao niliuelewa bila kutafsiriwa. Shirika letu lilikuwa na vyumba viwili chini ya nyumba ya zamani iliyogawanywa, na juu yetu ilikaa familia iliyokaanga vitunguu kuanzia asubuhi. Mwanafunzi alishuka kituo cha treni cha Gare du Midi, akaburuta sanduku lake hadi kwetu hata kabla ya kuona chumba chake. Wengine walifika wamevaa makoti mawili, moja juu ya jingine, kwa sababu sandukuni hapakuwa na nafasi.

Njia yenyewe ni rahisi kuisema. Unapata nafasi chuoni, unapata viza, unafika, unajiandikisha komine, yaani ofisi ya manispaa, unapewa kadi ya kukaa. Kila mwaka unaomba kadi mpya na kuonyesha kwamba bado unasoma, kwamba umefaulu masomo ya kutosha, kwamba kuna anayekudhamini, kwamba una bima ya matibabu, na kwamba kazi yako ya kando haizidi saa alizoruhusiwa mwanafunzi. Ukimaliza masomo unaweza kuomba mwaka wa kutafuta kazi, na ukiipata kazi unabadilisha aina ya ruhusa. Nimeisema kwa pumzi moja. Lakini nimewaona vijana wakiitembea mwaka baada ya mwaka, wanasoma mchana na kuosha wazee mwisho wa juma, huku wanawadanganya mama zao kwenye simu kwamba baridi si kali. Wengi wao nimewaheshimu kuliko nilivyowahi kuwaambia.

Cha kuchekesha ni kwamba watoto wa Kongo walijiona wenyeji tangu siku ya kwanza, kwa sababu ya hesabu. Wabelgiji wanasema septante kwa sabini na nonante kwa tisini, si soixante-dix na quatre-vingt-dix za Wafaransa, nasi tulirithi hivyo hivyo. Siku moja komine tulikaa na kijana wa Douala mwenye tiketi mkononi. Karani akaita "nonante-deux" mara ya kwanza, ya pili, na kijana ametulia anatazama dari. Mwanafunzi wangu wa Goma akamgusa bega.

"Ni wewe, ndugu yangu."

"Nonante ni nini?"

"Ni quatre-vingt-dix ya watu wenye haraka."

Wote tukacheka, hata karani. Basi mwanafunzi wa Kivu alirudi nyumbani anaamini kwamba Kifaransa chake na cha Wabelgiji ni kimoja. Wabelgiji nao waliamini hivyo hivyo.

Aliyenifundisha kazi hii hakuamini. Tulimwita Tonton, yaani mjomba, Ramadhani. Alizaliwa Buyenzi, mtaa wa Waislamu wa Bujumbura, na kabla ya vita kumtoa alikuwa akiuza vitenge sokoni. Shirika lilimpokea kama mkimbizi, kisha likamwajiri kama mkalimani, kwa sababu kila alipokuja kwa shida yake alitatua pia za waliokuwa foleni. Alikuwa na Kifaransa cha sokoni, chenye adabu nyingi na sarufi kidogo, lakini sijaona mtu aliyesikiliza kama yeye. Alikuwa akimtazama anayeuliza, si anayejibu.

Kosa alilopenda kusimulia lilikuwa la papa, yaani baba. Binti mmoja wa Uvira aliandaliwa kwa mahojiano. Tonton akamuuliza nani anamsomesha.

"Papa."

"Papa wa kukuzaa, papa mukubwa, ao papa mudogo?"

"Tonton, papa ni papa."

"Kwetu, sawa. Kwa huyu bwana wa komine papa ni mmoja tu, na kwenye karatasi zako ameshafariki. Kwa hiyo wewe unasomeshwa na marehemu."

Binti alinuna, halafu akacheka, halafu akajifunza kusema kwa ukamilifu: mdogo wake baba yangu.

Amri yake nyingine ilikuwa kwamba mwanafunzi asijibu "oui" wala "non", ndiyo wala hapana, peke yake. Aliileta kutoka duka lake la sokoni. Miongoni mwa wateja wake walikuwa wanawake wa Kizungu, na mmoja aliwahi kumuuliza kwa Kifaransa kama kitenge fulani hakichuji rangi. "Nikasema oui," Tonton alisimulia. "Akakirudisha rafuni, akaondoka. Kitenge kizuri kabisa, cha Kiholanzi. Mimi nimebaki na mita yangu mkononi. Tangu siku hiyo sijasema oui. Nasema: hakichuji. Mwisho." Tulicheka kwa sababu alivyosimulia alikunja uso kama mwenye kuumwa jino. Amri niliishika kama unavyoshika kanuni ya jikoni, kwamba chumvi inatiwa mwisho, na niliwapa wanafunzi wangu wote kabla ya mahojiano yoyote.

Furaha, binti ninayetaka kuwaeleza habari zake, alikuja kwetu baada ya mahojiano.

Tonton alikuwa ameshastaafu na kuhamia Auderghem kwa binti yake, karibu na msitu, ambako alilalamika kwamba kuna miti mingi na watu wachache. Mambo yalikuwa yamebadilika. Zamani tulipanga foleni nje ya komine kabla hapajapambazuka. Sasa miadi inachukuliwa kwa kompyuta, na ujuzi wa kumjua bawabu hauna kazi tena. Siyajutii mabadiliko hayo. Miguu yangu inayashukuru.

Furaha alitoka Bukavu. Alikuwa akisomea kazi za maabara ya hospitali, mwaka wa pili, na Jumamosi alisaidia kugawa chakula katika nyumba ya wazee. Komine aliyokaa sitaitaja. Alikuwa amekwenda kuomba kadi mpya, afisa akamuuliza maswali kadhaa na kuandika majibu, naye akatia sahihi mwishoni. Baadaye akapewa taarifa kwamba wanafikiria kutompa kadi. Sababu zilikuwa tatu, na zote zilitoka kinywani mwake: amekatisha masomo, hakufanya mitihani ya Januari, na anafanya kazi kupita saa zinazoruhusiwa. Alipewa nafasi ya kujieleza kabla uamuzi haujatolewa. Asipoaminiwa, atatakiwa kuondoka nchini katikati ya masomo.

"Maman, mimi sikusema ivyo," aliniambia. Hakulia. Alikaa wima kama mtu anayepigwa picha. "Mitihani nilifanya yote. Bon, chimie ilinisumbua, lakini nilipita."

"Na hapa ulitia sahihi?"

"Nilitia. Alisoma haraka, mimi nilisikia oui, oui, non. Njo vile nilijibu. Alors nikasaini."

Mwanasheria wetu aliitwa Annick, Mbelgiji wa Namur, mwanamke mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi. Alimwuliza mara mbili, tatu, kama hakuna anachoficha. Ni haki yake, wapo waliotuficha. Mimi pia nilimtazama Furaha nikitafuta lile jicho linalokimbia. Halikukimbia. Hatukuelewa kitu, kwa hiyo Annick akafanya anachofanya asipoelewa: akachemsha chai.

"Vous ne prenez pas de sucre?" akamuuliza Furaha. Yaani, hutumii sukari?

"Oui," akasema Furaha.

Annick akatumbukiza vipande viwili vya sukari, akakoroga. Furaha akaitazama ile chai kwa huzuni, akaanza kuinywa kama dawa ya malaria.

Nikamuuliza kwa Kiswahili, "Hukutaka sukari?"

"Ndiyo, Maman."

"Ndiyo ulitaka, ao ndiyo hukutaka?"

Akanishangaa. "Si nimesema ndiyo. Sikutaka. Kwetu tulikomaa bila sukari."

"Sasa mbona unainywa?"

"Amenipa. Nitamurudishia namna gani?"

Nikaweka kikombe changu chini. "Furaha, pale komine yule Madame alikuuliza kwa maneno gani? Nirudishie kama yalivyotoka."

Akafumba macho. Watoto waliosoma shule za masista wana kumbukumbu ya ajabu. "Alisema: vous n'avez pas interrompu vos études?"

"Hujakatisha masomo. Ukajibu?"

"Oui. Juu sikukatisha."

"Halafu?"

"Vous ne travaillez pas trop d'heures? Nikasema oui, sizidishi saa za kazi. Na ya mitihani: vous n'avez pas présenté les examens de janvier? Nikasema non. Juu si kweli kwamba sikufanya, nilifanya."

Hapo niliona kile kitenge cha Tonton kikirudishwa rafuni.

Wanangu, angalieni jambo lilivyo. Kwa Kiswahili, "ndiyo" inakubaliana na maneno ya anayeuliza. Hukula? Ndiyo, sikula. Maneno yako ni sahihi, nami nakubali. Kwa Kifaransa "oui" haiyatazami maneno ya swali. Inatazama tendo lenyewe, limefanyika au halikufanyika. Anayeulizwa kama hakula, akajibu "oui", Mfaransa anaona sahani tupu, yaani amekula. Na sisi tuliosomeshwa kwa Kifaransa tangu shule ya vidudu tulizungumza na walimu wanaojibu kama sisi, tukacheza na wenzetu wanaojibu kama sisi, kwa hiyo hakuna aliyewahi kutusahihisha. Furaha alijibu ukweli mara tatu, na afisa aliandika kwa uaminifu alichosikia.

Nilipomweleza Annick, alichukua kile kikombe na kukimimina kwenye sinki. Akamwekea chai nyingine, bila sukari. Kisha akasema jambo ambalo lilituondolea furaha yetu.

"Tatizo ni hili. Tukiandika kwamba hakuelewa swali, watauliza: mtu asiyeelewa Kifaransa anasomaje kwa Kifaransa? Tutamtoa shimo moja tumtie jingine."

"Mimi ninaelewa Kifaransa," akasema Furaha, na hapo ndipo sauti yake ilipopanda kwa mara ya kwanza. "Nilikuwa wa kwanza katika rédaction, katika insha."

"Najua," akasema Annick. "Ndiyo maana hawatakuamini."

Annick aliomba Furaha asikilizwe tena ana kwa ana, na ombi likakubaliwa. Nilipendekeza niende kama mkalimani. Furaha alikataa kwa heshima, lakini alikataa.

"Nikiingia na mukalimani, Maman, ni kama nimesema mwenyewe kwamba sijui luga. Mukuje tu kama maman. Mukae pembeni."

Nimeshawaandaa vijana wengi, na nawaambia hakuna aliyejiandaa kama yule. Alileta matokeo ya mitihani kutoka chuoni. Alileta uthibitisho wa saa zake kutoka nyumba ya wazee, ambao msimamizi wake aliuandika huku akiuliza kama kuna haja ya kuongeza kwamba wazee wanampenda. Nami nilimkumbusha amri ya Tonton: jibu lako liwe na tendo ndani yake.

Afisa alikuwa yule yule wa mara ya kwanza, mwanamke wa makamo mwenye mafua, mafaili yamemzunguka hadi viwiko. Nilikwenda nimejiandaa kumchukia. Sikufaulu. Alitupangia viti mwenyewe, akaomba radhi kwa kupenga kamasi, na hakutazama saa. Furaha alizungumza kwa Kifaransa safi, taratibu, bila kukosea hata pale nilipohofia. Alieleza jinsi kwetu tunavyojibu swali lililokanushwa. Afisa alimsikiliza hadi mwisho.

"Mademoiselle," akasema, "unazungumza Kifaransa kizuri kuliko mpwa wangu. Sasa unataka niamini kwamba hujui oui?"

"Oui naijua, Madame. Nilikubaliana na sentensi yako."

"Hizi karatasi ni nzuri. Zinaonyesha mitihani, zinaonyesha saa za kazi yenye mkataba. Haziwezi kunionyesha kazi isiyo na mkataba. Na jibu ulilotoa ni lako, umelitia sahihi. Kila mtu akiona jibu limemdhuru anakuja kuniambia alimaanisha kinyume. Mimi nifanyeje?"

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyechoka kudanganywa, na nilimwelewa, kwa maana hata mimi, kwa upande wangu wa meza, nimedanganywa. Niliona mkono wa Furaha umeshika ukingo wa kiti. Hakuwa na karatasi nyingine, na maneno yake yote alikuwa ameshayasema vizuri.

Afisa akaanza kukusanya karatasi. Halafu, kwa adabu tu, kwa kuwa nilikuwa nimekaa pembeni kimya muda wote, akanigeukia.

"Na wewe, Madame, vous n'avez pas de questions?" Yaani, huna maswali?

"Oui," nikasema.

Akaziweka karatasi chini, akanisubiri. Mimi nilikuwa nimeshachukua mkoba, nasubiri asimame tuagane. Tukatazamana.

"Nakusikiliza," akasema.

"Kuhusu nini, Madame?"

"Kuhusu swali lako."

"Sina swali."

"Umesema oui sasa hivi."

"Oui," nikasema, "sina."

Kando yangu Furaha alikuwa ameinama, mabega yanamtikisika, na kwa muda nilidhani analia. Ndipo nikasikia nilichokisema. Damu ilinipanda usoni.

Afisa alivua miwani. "Madame, umeishi Brussels muda gani?"

"Nilikuja na watoto wadogo. Sasa nina wajukuu."

"Na kazi yako ni nini?"

Nilitamani kuwa muuza mboga. "Mkalimani," nikasema.

"Wa lugha gani?"

"Kiswahili na Kifaransa."

Aliniangalia mimi, akamwangalia Furaha, ambaye sasa alikuwa anafuta macho kwa kiganja na kuomba radhi. Sikuwa nimepanga kitu. Ningekuwa mwigizaji wa namna hiyo, nisingekuwa nimevaa uso ule. Afisa alianza kucheka, mafua yakamkata, akakohoa, akacheka tena. Kisha akafanya jambo ambalo nalihesabu kati ya mambo mazuri niliyoyaona katika kazi yote. Alichukua karatasi mpya.

"Tuanze upya. Mademoiselle, hujaka—" Akajikatiza mwenyewe, akafuta hewa kwa kalamu. "Hapana. Nieleze kazi zako, zote, kila juma. Na tangu Septemba umesoma nini, wapi, na nani."

Furaha alieleza. Alieleza ratiba ya juma zima, alieleza mtihani wa chimie, yaani kemia, na swali lililomsumbua, alieleza Jumamosi zake na mzee mmoja anayekataa kula mpaka aimbiwe. Mahali ambapo kijana mwingine angepamba, hakupamba. Afisa aliandika kurasa na kurasa, na mwishoni, nilimwona kwa macho yangu, aliongeza maelezo yake mwenyewe kuhusu namna maswali ya kwanza yalivyoulizwa. Hakuna aliyemlazimisha. Alimpa Furaha asome kabla ya kutia sahihi, na safari hii Furaha alisoma neno kwa neno, bila haraka, na mwanamke yule alikaa na leso yake akasubiri.

Nje, barabarani, Furaha alinishika mkono.

"Maman, munisamehe, nilicheka."

"Cheka. Ila usimwambie Annick."

"Nimeshamwandikia."

Halafu ikaja sehemu ya kazi hii ambayo hakuna ujuzi unaoisaidia: kungoja. Uamuzi hautolewi na yule aliyekusikiliza. Unatoka mahali pengine, kwa watu ambao hawakukuona. Furaha aliendelea kwenda chuoni kama mtu mwenye uhakika wa kuumaliza mwaka. Nilipomuuliza anawezaje, alisema maabara haiwezi kumngoja, vijidudu vyake vingekufa. Nilimwambia Tonton Ramadhani habari yote kwa simu. Aliniuliza kwa upole kama huyo mkalimani mzee bado anapokea mshahara.

Jumapili moja nilikuwa soko la Gare du Midi, nimeinama kwenye meza ya muuzaji wa Kimoroko ninayemnunulia lengalenga, mchicha wa kwetu, nachagua majani machanga. Mtu akasimama nyuma yangu. Sikugeuka, kwa sababu sokoni kila mtu anasimama nyuma ya mwenzake. Mkono ukapita begani kwangu, ukaweka kadi juu ya mboga ndani ya kikapu changu. Ilikuwa mpya, plastiki yake bado inang'aa, na pichani Furaha amekaa wima kama kawaida yake.

Muuzaji alitutazama wanawake wawili tuliosimama bila kusogea na foleni inaongezeka, akanyoosha kidole kwenye kikapu, akauliza kama binti anataka kulipia mboga kwa kadi ile.

"Non, Monsieur," Furaha akamwambia. "Hii si ya kulipia. Hii ni ya kukaa."